Kikopo Ndani ya Amplifaya

Mjini Nyeri hapakuwa na fundi aliyeviogopa vyombo vilivyozimwa kama Wamae. Plagi ingekuwa imelala mezani, kila mtu anaiona, naye bado angeingiza bisibisi ndani ya redio polepole, aguse hapa, asubiri, aguse tena. Wateja walimtania kwamba anapima kama marehemu amekufa sawasawa. Yeye hakucheka. Woga wake ulikuwa na jina, nalo ni Mwalimu Khisa.

Khisa alitoka upande wa Bungoma, akafundisha fizikia katika shule ya Giakanja miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wamae alikuwa mwanafunzi wake, wa kiti cha nyuma, mzito wa kusema. Mwalimu angechora ubaoni kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi chaji ya stima, mistari miwili tu ya chaki, kisha aulize: "Tumekata stima. Chaji imeenda wapi?" Darasa zima lilitazama chini, hata alipojijibu kwa makosa ubaoni kwamba imeisha. Mtoto aliyelelewa vizuri hakufungua mdomo mpaka aitwe, na hata akiitwa hakumkosoa mwalimu.

Wamae alianguka mtihani, akajifunza elektroniki kwa mikono yake, akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Mwalimu akawa mgeni wake wa kila Jumamosi. Alipenda kumchokoza fundi wake: stima ni ile ile, alisema, ila fizikia inauliza kwa nini inafanya hivyo, na elektroniki inataka tu ifanye kazi kabla mwenye redio hajarudi. Wamae alitabasamu kwa heshima na kuendelea na kazi.

Jumamosi moja ya mwaka 1971, amplifaya ya kanisa, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa wazi mezani. Wamae alichomoa plagi, akageuka kuchukua bisibisi ya kumaliza chaji iliyobaki. Alipogeuka tena, mkono wa Mwalimu ulikuwa ukielekea kwenye kikopo fulani cha bati. Kikopo hicho ndicho kilichokuwa kapasita, na kilikuwa kimejaa chaji. Mwalimu alikuwa ameichora kapasita mara mia, lakini hakuitambua ikiwa na umbo la kopo. Wamae aliona. Alikuwa na nafasi ya neno moja. Lakini utamwambiaje mwalimu wako asiguse? Bila shaka anajua, aliwaza, akafyata ulimi.

Mwalimu aligusa kikopo, akaanguka na hakuinuka. Watu walisema ni moyo, kwani alikuwa akilalamika kifua, na Wamae akaitikia. Tangu hapo, kila alipozima chombo, alisikia sauti nyuma ya bega lake: chaji imeenda wapi? Aliisikia kanisani. Aliisikia kwa kinyozi, wembe ukiwa shingoni. Aliamini kabisa kwamba Mwalimu bado anangoja jibu.

Miaka minane ilipita. Kanisa lilinunua mashine mpya, ile ya zamani likampa Selpha, mjane wa Khisa, aliyeitwa Mama Nasirumbi kwa jina la mwanawe, akaitumie kwenye ibada ya kumkumbuka mumewe huko kwao Bungoma. Aliileta kwa Wamae itengenezwe. Wamae aliitengeneza, akaijaribu, ikanguruma vizuri, akaizima na kuchomoa plagi. Selpha akatoa leso apanguse vumbi ndani.

"Mama Nasirumbi, usiguse!"

Selpha alirudisha mkono. "Si umezima?"

"Nimezima. Lakini stima bado iko ndani ya hiyo kopo."

Selpha alilitazama kopo, akaitazama plagi mezani, kisha akamtazama Wamae usoni.

"Na siku ile, ulijua?"

Angeweza kusema hapana, na angeaminiwa. "Nilijua," alisema. "Nilimwona. Nikaona haya kumwambia. Alikuwa mwalimu wangu."

Selpha aliikunja leso yake mara mbili.

"Alikuwa anakosea kwa ubao makusudi, Wamae. Alikuwa anangoja mmoja wenu aseme. Kila jioni ananiambia, leo tena wamenyamaza."

Wamae akashika bisibisi, akagusisha kikopo na fremu, na cheche ikalia kwa nguvu.

"Iko hapa, Mwalimu," alisema kwa sauti.

Selpha alikuwa ameinama akilia. Wamae alingoja, lakini nyuma ya bega lake hakukuwa na mtu wa kumwambia kama amelipata jibu.