Wawira Hakutazama Juu

Kila makadamia zinapokaangwa, mikono yangu huanza kuwasha. Harufu yake ni ya siagi na ya ubao ulioungua kidogo, na wenzangu ofisini, Embu mjini, wanaipenda sana. Mmoja wao huzileta kila Ijumaa, huzizungusha mezani, kisha hunishangaa.

"Daktari, hata moja?"

Hata moja. Wewe nitakueleza kwa nini, ila twende polepole, kwa sababu mimi mwenyewe sikuielewa habari hii hadi nilipokuwa mtu mzima.

Nyumbani kwetu Kanja tulikuwa wanne: Mama, Cucu aliyemzaa Mama, dada yangu Wawira, na mimi. Wawira alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili katika shule ya kutwa. Mimi nilikuwa na kumi na mitatu, darasa la nane, na walimu walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba Karimi ana kichwa. Nilikuwa pia na kipaji cha kupanda miti. Wawira hakuweza kupanda chochote. Kuku akitaga juu ya ghala, aliniita mimi. Cucu alikuwa akisema kwamba Mungu atalazimika kumteremshia Wawira mbingu, maana ngazi hataipanda. Tulicheka, na Wawira alicheka kutuzidi.

Mwaka huo nilihitaji kitu kimoja tu: barua ya kuniombea ufadhili wa shule ya bweni. Aliyepaswa kuitia sahihi ni Mzee Ireri, jirani yetu, mwenyekiti wa kamati ya shule na mzee wa kanisa. Alikuwa ameahidi kuitia Jumatatu. Na Jumamosi iliyotangulia, mimi na kichwa changu tuliamua kwenda kumwibia makadamia.

Ukitaka kujua sababu, ni viatu. Siku ya maombi ya watahiniwa ilikuwa karibu, tungesimamishwa mbele ya kanisa zima, na viatu vyangu vilikuwa vimefungua midomo. Barabarani kulikuwa na mnunuzi asiyeuliza maswali.

"Mzee Ireri atatuua," Wawira alisema.

"Ameenda mkutano. Wewe utaokota tu. Ama niende peke yangu?"

Alijua ningeenda. Akachukua gunia.

Cucu alitufundisha kwamba makadamia hazichumwi, hungojwa. Kokwa ikikomaa huanguka yenyewe. Anayepanda kuzitikisa ni mwizi au mjinga. Siku hiyo nilikuwa vyote viwili. Nilipanda hadi kwenye matawi mazito, nikatikisa, na kokwa za kijani zikanyesha juu ya majani makavu kwa kishindo ambacho sikuwa nimekifikiria. Kwa wiki kadhaa wezi walikuwa wamemsumbua Mzee Ireri, kwa hiyo wanawe wawili walikuwa wamejificha kwenye mibuni ya kahawa, wakisikiliza. Walitokea mbio, kila mmoja na rungu.

Wawira hakukimbia. Pigo la kwanza lilimpata sikioni, akaenda chini kama nguo iliyoteleza kutoka kwenye kamba.

"Leo tumekupata! Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Peke yako? Na ni nani amepanda?"

"Ni mimi. Nilipanda, nikashuka."

Wakampiga mgongoni. Alipoinua mkono kujikinga, rungu lilishuka juu ya kifundo chake, nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Majani ya makadamia yana miiba ukingoni. Nilikumbatia tawi hadi yakanichana mikono yote miwili, na sikupumua. Chini yangu dada yangu alipigwa teke tumboni, akatapika, akavutwa kwa nywele hadi uso wake ukaelekea angani. Macho aliyafumba. Walimuuliza tena, na tena akasema yuko peke yake. Hakutazama juu.

Walimfunga kwa kamba ya katani, wakamvisha gunia shingoni, wakampeleka sokoni. Mimi nilishuka, nikawafuata nyuma ya ua. Watu waliongezeka njiani kama mbwa wanaosikia harufu ya mfupa. Mwanamke mmoja aliyetuuzia sukari kila wiki alikata thabai, ule mmea unaochoma, akazifungia kwa kitambaa na kumsugua nazo miguuni. "Cheza ngoma sasa, kapanya ka makadamia!" Watoto walirusha mawe. Kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Leteni petroli." Alisema kama mzaha, lakini hakuna aliyecheka, na mtu mmoja akaanza kuvingirisha tairi.

Hapo ndipo Mama alipofika, kikapu cha majani ya chai bado kimemning'inia mgongoni. Hakulia wala hakuomba. Alimnyang'anya kijana mmoja fimbo.

"Kaeni kando! Huyu ni wangu, nitamuua mwenyewe!"

Akampiga Wawira. Alimpiga kuliko walivyompiga wale wanaume, hadi damu ikatokea kwenye blauzi, hadi yule mwanamke wa thabai akasema, "Inatosha, Mama Wawira, ni mtoto." Umati ukalegea. Tairi likaachwa. Nilimchukia Mama kwa chuki ambayo sijawahi kuihisi tena.

Alipoinua kichwa, akaniona nyuma ya ua. Aliona majani kwenye nywele zangu na damu kwenye mikono yangu. Akageuka.

Nyumbani, Cucu alimfunga Wawira mkono kwa vipande vya mbao. Mimi nilisimama mlangoni, maneno yamenijaa mdomoni. Mama hakunitazama. Alisema tu, "Karimi, nenda ukasome."

Nikaenda. Nilisoma kuhusu kupe na magonjwa ya ng'ombe, huku dada yangu akiugulia nyuma ya ukuta wa mbao. Jumatatu barua ilitiwa sahihi.

Nilidhani nimewadanganya wote. Ilinichukua miaka mingi, na mtoto wangu mwenyewe, kuona jambo lililokuwa wazi. Mama alijua tangu alipoambiwa sokoni kwamba Wawira alikuwa amepanda mti. Wawira, aliyeogopa ghala? Fimbo ile ilipokuwa ikishuka, Mama alijua kwamba anampiga asiye na kosa, na kwamba akinitaja, atakuwa na wawili mikononi mwa umati ule na barua haitakuwepo. Hakuwa na nafasi ya kumtendea haki yeyote.

Wawira hakurudi shuleni. Alijaribu siku tatu, wasichana wakamwita Makadamia, na mkono haukushika kalamu tena. Sasa ana ng'ombe wawili, ambao mimi ndiye daktari wao. Sikio la kushoto halisikii. Tukitembea pamoja mimi hukaa kulia kwake.

Mwaka jana shule yetu ya zamani ilinialika kuzungumza na watahiniwa. Msichana mmoja alisimama, akauliza siri ya mafanikio yangu. Nilikuwa nimejibu swali hilo mara nyingi: bidii, nidhamu, kumcha Mungu. Si uongo. Kweli nilisoma. Lakini Wawira, aliyekuwa amenisindikiza, alikuwa ameketi nyuma, amenielekezea sikio lake zima. Nikasema, "Kuna mtu alipigwa ili mimi nisome." Wawira akatazama viatu vyake.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini siku ile hakutazama juu hata mara moja.

"Wewe nawe!" alicheka. "Kama macho yetu yangekutana, si ungeshuka? Nakujua. Ungeshuka unisaidie, watuue wote wawili."

Tuliendelea kutembea. Alikuwa akizungumza tayari juu ya ndama. Sijamwambia, na ninakuambia wewe kwa sababu umenisikiliza hadi hapa: nilipokuwa juu ya mti ule nilikuwa nikiomba jambo moja tu, kwamba asinitaje. Sikufikiria kushuka. Dada yangu alivunjwa mkono akimlinda msichana jasiri ambaye hakuwa juu ya mti ule, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuwa msichana huyo.