Mbegu Kwenye Chokaa

Kazi yangu ni kuzivalisha nyumba za watu koti. Ndivyo ninavyowaeleza akina mama wa parokia wanaponitazama kwa huruma na kuuliza kama kweli nilisoma, nikapanda ndege, ili nije kuchanganya chokaa. Nyumba za zamani za Brussels zina kuta za matofali zinazonyonya unyevu mwaka mzima, na sisi tunazifunika kwa ndani. Tunachanganya chokaa na maji na mabua ya bangi, ile isiyolevya, ambayo wakulima wa huku wanailima mchana kweupe kama mahindi. Nyuzi zake zinasokotwa kamba na kufumwa nguo, mbegu zinakamuliwa mafuta, na moyo wa bua, mweupe na mwepesi, unakatwakatwa na kuletwa kwetu kwenye mifuko. Ukuta wake unapumua, unashika joto, na hauoti ukungu. Naupenda ukuta huo kuliko ninavyowapenda baadhi ya wateja wangu.

Mama yangu alipokuja kuishi nami mtaani Laeken, hapa hapa Brussels, akitokea Lubumbashi, nilimpa chumba cha nyuma. Ukuta wake ulitoa jasho, na ukungu ulirudi kila nilipoufuta. Akaanza kukohoa. Daktari alimsikiliza kifua, kisha akaniuliza mimi mama analala wapi, nami nikaona aibu, fundi mzima wa kuta za wenzangu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaleta mifuko, nikamhamishia mama kwenye kochi la sebuleni.

Sikufikiria kumwambia mabua yale ni ya mmea gani. Nimeyashika miaka mingi mpaka kwangu ni bidhaa tu, kama saruji.

Aliposikia koleo likikwaruza beseni hakuweza kukaa. Nyumba yetu ya kwanza kule Lubumbashi, mtaa wa Katuba, aliikandika yeye na majirani zake, kwa udongo na majani makavu, kabla baba hajapata matofali. Akaja amekunja kitenge, akatazama mchanganyiko wangu.

"Unapika bouillie ao unajenga nyumba? Mayi mingi sana, mama."

"Maman, huu si uji, ni kazi yangu hii."

"Bon. Basi fanya muzuri."

Akapiga magoti, akatia mikono. Alikuwa anafinya tonge, analitazama kama limeshikana, halafu analishindilia ukutani kwa ngumi. Tulifanya kazi hivyo asubuhi nzima, yeye akinicheka, mimi nikijifanya nimekasirika. Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu afike Ulaya.

Halafu mkono wake ukasimama. Alitoa kitu kidogo kwenye mabua, akakifuta kwa kitenge, akakitia katikati ya meno ya mbele na kukipasua. Akatema.

"Hii inatoka fasi gani?"

"Ni mbegu tu, maman, zinabakia kwenye mabua. Ni chanvre, bangi ya kujengea, lakini hii haileweshe muntu..."

Hakungoja nimalize. Aliosha mikono muda mrefu, akarudi kwenye kochi.

Kaka yangu alikuwa kifungua mimba wake. Mama alipofua suruali zake uani aligeuza mifuko nje, na kwenye mshono alikuta mbegu zilezile. Baba alisema ni chakula cha ndege. Mama alizipasua kwa meno na kujua si chakula cha ndege. Kaka aliacha shule, akaacha kuoga, kisha akaanza kubishana na watu ambao sisi hatukuwaona. Siku moja alitoka na hakurudi. Tulimtafuta hospitali, mahabusu, mochwari. Ndugu walipokuja kutandika mikeka ya kilio, mama aliwafukuza uani kwa ufagio. Alisema mtoto wake hajafa, na kwamba akirudi akawakuta wanamlilia, watamwambia nini?

Kwa hiyo kaka hakuliliwa. Badala yake mama alimwekea chakula. Kila jioni, kwanza Katuba na sasa Laeken, alisonga bukari ya mtu mmoja zaidi, akafunika sahani moja na kuiweka juu ya jiko. Mimi naiita ugali nikiwa na Watanzania, lakini ya mama ni bukari. Asubuhi, sahani ile ikiwa haijaguswa, niliipasha moto nikaila kabla ya kwenda kazini. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo.

Ukuta niliumaliza peke yangu. Ulipokauka, chumba kikawa kikavu na chenye joto, na mama akakataa kuingia. Aliendelea kulala sebuleni karibu na mlango, akikohoa. Nilimweleza habari za kamba, nguo, mafuta. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikajikuta napaza sauti.

"Mutoto yangu, nakusikia," alisema. "Kamba, sawa. Mafuta, sawa. Lakini mi sijue miti mbili. Minajua moja."

Nilichukua nyundo niuvunje ukuta wote. Akaniambia niache, nitachafua nyumba.

Jumapili moja hakuweza kwenda misa. Nilikwenda peke yangu, nikapitia maduka ya Waafrika ya Chaussée de Wavre kununua sombe, kisamvu cha kwetu. Niliporudi kochi lilikuwa tupu. Nilimkuta chumbani, ameketi sakafuni juu ya kitenge, miguu ameinyoosha, kilemba amekivua, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta ule. Kwetu mwanamke huketi hivyo kwenye kilio tu. Nikauliza nani amekufa.

"Nilimungojea," alisema. "Nilisema siku moja atanifwata, hata huku Bulaya. Alors, ona. Ile kitu yenye ilimubeba imefika mpaka mu nyumba yangu. Yeye hayafika." Akapitisha kiganja ukutani. "Donc alishakufa. Ita ba maman. Tumulilie."

Nikakaa chini pembeni yake na mfuko wa sombe mapajani, nikalia kuliko nilivyowahi kulia Katuba. Kisha nikapiga simu. Wakaja akina mama wa parokia kutoka Koekelberg na Anderlecht, wakavua viatu mlangoni, wakaketi naye kwenye kile chumba chenye joto. Mama akamwita kaka kwa jina lake, akamgombeza, akamuuliza alikula nini siku ile ya mwisho. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tangu siku hiyo analala huko. Kikohozi kimepungua.

Jumatatu alisonga bukari kama kawaida, tukala. Asubuhi iliyofuata nilipoingia jikoni hapakuwa na sahani juu ya jiko. Nikanywa chai kavu, nikaenda kazini.