Huyu Mtoto Hana Shida

Boaz wa Kosele ni mtu wa kujisifu, tusifichane. Mpelekee redio iliyotumbukia ndooni akaifufua, na soko zima litajua kabla hujafika kwako, na ile ndoo itakuwa imegeuka ziwa. Shule aliiachia darasa la saba. Yeye husema shule ndiyo iliyomwacha, iliona haya kumfundisha mtu anayejua. Kibanda chake cha redio kimezeeka, bango limefutika, lakini mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

Jumapili moja mpwa wake Awino akamjia kutoka Suna. Huyu ni mtoto wa dada yake, marehemu Roseline. Ana miaka thelathini na sita, anashona sare za shule, na kola zake huwezi kuzitoa kasoro hata ukija na rula. Aliketi kwenye stuli, mkoba magotini, akaitazama meza.

"Nera," akaanza, maana Wajaluo ndivyo wanavyomwita mjomba. "Nimepimwa Kisumu. Daktari amesema nina usonji. Nilizaliwa nao."

"Usonji? Si huo ni wa watoto?"

"Watoto hukua, Nera."

Boaz akapasua kicheko. "Fundi mzima, wateja mpaka Osiri! Hao madaktari wamekosa wagonjwa?"

Awino hakucheka. Akatoa karatasi. Daktari alitaka kujua zaidi alivyokuwa kabla ya kuanza shule, na mama hayupo, nyanya hayupo, amebaki mjomba peke yake. Akasoma maswali moja moja, kama mtu anayeita majina darasani.

"Nilikuwa naitika nikiitwa?"

"Wewe? Tulikuita mpaka mbwa wa jirani akaitika."

"Nilikuwa napanga vitu?"

Boaz akaukumbuka mkebe wa skrubu. Mtoto alikuwa akikaa chini ya meza hii hii akizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, na moja ikisogea analia mpaka anakohoa. Boaz alikuwa akiisogeza makusudi ili wateja wacheke. Hilo hakulitamka. Alisema tu, "Ulipanga."

"Niliwatazama watu machoni?"

"Hata! Na tulikusifu kwa hilo."

Walimsifu kweli. Kwao mtoto anayeinamisha macho mbele ya wakubwa ni mtoto aliyefunzwa, na wazee walikuwa wakimpongeza Roseline kwa malezi. Kumbe macho yale hayakuwa yakimheshimu mtu. Yalikuwa yanakimbia, na wao wanapiga vigelegele.

"Na kuongea?"

Hapo Boaz akachangamka, maskini, akadhani amefika pazuri. Redio za kibandani zilikuwa zikisoma matangazo ya vifo kila asubuhi, na Awino, mtoto wa miaka minne, aliyarudia yote: marehemu, kijiji chake, wajane wake, siku ya mazishi, hata mtangazaji alipovuta pumzi. Nyanya yake alisema mtoto anaita msiba. Boaz yeye aliona sarakasi. Akampandisha juu ya kreti ya soda, akampa jina Nyar Redio, Binti Redio, na soko likafurika.

"Ulikuwa maarufu wewe! Watu walitoka Oyugis!"

"Nakumbuka makofi," akasema Awino. "Yalikuwa yananiuma masikioni. Nilikuwa najikojolea."

Lilimjia Boaz jambo ambalo hakuwahi kulipa maana: mtoto yule aliyetaja maiti ishirini kwa pumzi moja hakujua kuomba maji. Kiu ikimbana alikuwa anapigapiga kichwa ukutani.

Awino akaikunja karatasi. "Swali la mwisho ni langu, si la daktari. Shuleni nilichapwa kwa kiburi. Kanisani niliombewa pepo litoke. Mume alinirudisha kwetu kwa sababu sikuwa nasalimia wageni wake. Nataka kujua kama kuna mtu, hata mmoja, aliyeona kwamba haikuwa kiburi."

Ilikuwa rahisi kusema hakuna. Waliojua wote wako kaburini, na maiti haibishani na mtu. Boaz akashika bisibisi, akaiweka, akaishika tena.

"Yuko mmoja," akasema. "Nesi wa zahanati, Mkisii. Alipita ukiwa juu ya kreti. Watu wote wanapiga makofi, yeye hapigi. Ngoma ilipoisha akachuchumaa mbele yako, akakuita kwa jina mara tatu, taratibu. Kisha akamwandikia mama yako barua akupeleke hospitali kubwa."

"Mama hakunipeleka."

"Alikuja hapa na barua, ameshajifunga leso ya safari. Nikamwambia, huyu mtoto hana shida. Mtoto mwenye kichwa hiki utampeleka kwa madaktari wa vichwa? Mkirudi, ukoo wetu utaolewa na nani? Mimi ni kaka yake mkubwa, akanisikiliza. Barua nikaikunja, nikaisokomeza chini ya redio iliyokuwa inatikisika."

"Kwa nini?"

Alikuwa na majibu tele, ya ukoo, ya aibu, ya zamani zile. Lililotoka ni jingine.

"Niliyapenda yale makofi, Awino. Nilidhani ni yangu."

Akangoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Awino akachomoa kalamu.

"Jina la nesi?"

"Nyasuguta."

Akaliandika polepole, herufi zimekaa sawa kama mishono yake. "Yuko hai?"

"Sijui. Mwaka uliofuata tulikutana njiani, akaniuliza kama ulipelekwa." Boaz akaigeuza bisibisi. "Nikamwambia ulipelekwa, umepona. Alifurahi sana. Akanishika mkono."

Awino akalisoma lile jina tena. Uso wake ukalegea, ukawa uso ambao Boaz hajauona tangu amjue, na haukulegea kwa ajili ya Boaz. Ulilegea kwa ajili ya yule nesi ambaye hayupo.

"Aliniita mara tatu," akasema.

"Tutamtafuta!" Boaz akaruka. "Kesho asubuhi. Kutoka hapa mpaka Kisii hakuna zahanati isiyonijua, mimi nikiingia tu—"

"Hapana, Nera." Awino akasimama, akafunga mkoba. "Nitaenda peke yangu. Wewe ulishamwambia nimepona."