Mtoto Niliyemsifu kwa Kufunga

Siku yangu ya kwanza ya ualimu iliangukia Jumatano ya Majivu. Nilifika shule ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Njombe mjini, viatu vimelowa umande, na kabla sijaonyeshwa darasa nikapangwa mstarini pamoja na watoto kupakwa majivu. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Walimu wa kike tulikuwa wachache, nami nilijiona mtu.

Sista Mwalimu Mkuu alinipa darasa la tatu na kazi moja ya ziada: Kwaresima ya watoto.

"Kanisa haliwadai watoto kufunga," aliniambia. "Wafundishe kujinyima tu. Kitu kidogo, kwa hiari."

Kufunga ni kupunguza mlo kwa amri. Kujinyima ni kuacha unachokipenda, muwa au mchezo, kwa ajili ya Mungu. Tofauti hiyo niliijua kwa katekisimu tu.

Kila Ijumaa tulisali Njia ya Msalaba, tukipita vituo kumi na vinne vya mateso ya Bwana. Kabla ya kuanza, niliwasimamisha watoto waseme wamejinyima nini. Wengi walisema muwa. Kresensia, binti wa miaka kama kumi, alisema, "Nimeacha chakula cha mchana." Ijumaa ya pili akasema vilevile, ya tatu akaongeza na cha jioni. Nikamwita mbele. "Mtazameni mwenzenu!" Paroko alipotutembelea, nilimwonyesha mtoto yule kama mkulima anayeonyesha shamba lake.

Ijumaa ya nne, kwenye kituo cha tisa, pale Yesu anapoanguka mara ya tatu, Kresensia alianguka. Nami, Mungu anisamehe, niliinama nikamnong'oneza, "Inuka, mwanangu. Bwana naye aliinuka."

Akajaribu. Hakuweza.

Mimi na Sista tulimbeba kwa zamu hadi kwao. Bibi yake alitupokea mlangoni kwa salamu ya kwao. "Kamwene, mwalimu." Nilimweleza, tena kwa sauti ya kusifu, kwamba mjukuu wake amezidisha kufunga.

Bibi alinitazama. "Nani kafunga? Baba yake yuko kwenye mashamba ya mkonge, mwaka wa pili huu hatuna habari zake. Mahindi bado machanga. Tunachuma mboga za porini, tunakula mara moja. Siku nyingine hatuli."

Sista akanigeukia. "Hukumwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza.

Jioni ile nilirudi na unga na maharage. Bibi alisonga ugali, nikamsogezea Kresensia sahani pale mkekani. Akaisukuma.

"Mwalimu, leo ni Ijumaa. Nimefunga."

Nilimbembeleza mpaka akala, mimi na yeye tukiwa hatutazamani. Baada ya Pasaka bibi alimpeleka Ipelele, kwa shangazi aliyekuwa na viazi vya kutosha na watoto wadogo wa kulelewa. Shuleni hakurudi tena.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Makambako. Mwalimu Mkuu wa huko, mwanamume mkali, alinikuta nikiwauliza watoto mmoja mmoja jana walikula nini.

"Wewe ni mwalimu au mpishi?"

"Nimechelewa kuwa vyote viwili, bwana."

Alinikaripia, lakini alituachia kipande cha ardhi nyuma ya madarasa. Tulilima mahindi, na watoto wakanywa uji wa saa nne, Kwaresima na isiyo Kwaresima. Nilikaa huko mpaka nikastaafu. Waliniaga kwa hotuba ndefu kuhusu wanafunzi wangu waliokuwa makarani na wauguzi. Wiki iliyofuata nikafunga safari kwenda Ipelele.

Kresensia nilimkuta akichimba viazi, mama wa watoto wanne. Alinitambua kwa sauti. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akashangaa kweli.

"Kwa lipi, mwalimu? Nyumbani njaa ilikuwa aibu. Kwako ilikuwa sifa. Kila Ijumaa nilikuwa naingoja."

Alisema hivyo kwa furaha, akanikaribisha ndani, akanichemshia viazi. Tulipomaliza kula alifuta mikono, akatoa barua ya mwanawe aliyekuwa mbali kikazi. Ilikuwa imefika siku tatu nyuma, haijafunguliwa.

"Nisomee, mwalimu," alisema. "Herufi zimeshanitoka."

Nilimsomea taratibu, na alipotaka nirudie, nikarudia.