Kikao cha Watu Wawili

Siku hiyo tulikuwepo: mchuuzi wa samaki wa Kyavinyonge, ambaye hakuwa ametamka neno tangu gari alilosafiria liliposhambuliwa njiani, mke wake, mama mkwe wake, shemeji zake wawili, jirani aliyetuazima kiti chake na kuona si vizuri kukiacha peke yake, na mimi. Mkufunzi wetu wa ushauri kule Beni alikuwa amesema kikao ni cha watu wawili.

Niliacha shule mapema, wazazi walipokufa, nilee wadogo zangu. Vita ilipozidi nikapewa mafunzo ya wiki moja, cheti na fulana. Nikawa mshauri wa watu walioumizwa moyo na vita. Sasa familia ilikuwa imeamua: papa, yaani baba huyo wa nyumba, asiposema leo, anapelekwa chumba cha maombi kufunga chakula mpaka aongee. Naye alikuwa amebaki mifupa.

"Papa, unajisikia je?" nikauliza, kama nilivyofundishwa.

"Anajisikia muzuri," mke akajibu.

"Muzuri gani? Anajisikia mubaya!" shemeji mmoja akakataa.

"Umuulize na nguvu," mama mkwe akaniambia. "Ile fulana balikupatia ya bure?"

Nikawaomba watoke. Wakatoka, wakasimama dirishani.

Cheti hakikusema lolote juu ya dirisha. Nikafanya kama nyumbani, wadogo wanapolia wote pamoja: kila mmoja unampa kazi. Mke nikamtuma maji, mashemeji kuni, mama mkwe kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, kazi isiyoisha upesi. Jirani akaondoka na kiti chake. Nikakaa chini.

Maswali yote ya Beni yalinijaa mdomoni, nikayameza. Mwishowe papa akasema:

"Na weye, bazazi bako balikufaka namna gani?"

Swali hilo tulikatazwa kabisa kulijibu.

"Nitakuambia, papa. Mais weye kwanza."

"Kweli?"

"Kweli."

Akasema mpaka sombe ikaiva. Aliyoyasema ni yake. Kisha akaomba chakula, na mama mkwe akautangazia mtaa mzima kwamba maombi yake yamejibiwa.

"Donc, sasa weye," papa akaniambia, mdomo umejaa.

"Siku ingine, papa."

Siku hizi anauza tena samaki sokoni Butembo. Hata wadogo zangu hawajaisikia habari ile ya wazazi kutoka kwangu. Nikipita, ananivutia kiti, anakipangusa magamba, anangoja. Hanisukumi. Mimi nachagua samaki polepole, naulizia hali ya barabara, naaga. Kiti kinabaki pale kitupu, na ahadi yangu bado sijailipa.