Kodi ya Miaka Miwili

Mtu akitaka chumba Molete, mjini Ibadan, haendi moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Akienda, mwenye nyumba atamtazama toka utosini hadi kwenye viatu, amuulize katumwa na nani, kisha amwambie akatafute dalali. Na akiuliza dalali upande ule wa mji, wauza mkate, mafundi viatu na hata polisi wa barabarani watamwonyesha kiti kimoja cha plastiki kando ya duka la rangi, mahali anapokaa Mama Wura.

Jina lake hasa ni Ayoka Lasisi. Zamani alikuwa akikaanga akara, zile bajia za kunde, pale pale penye kiti. Mume wake alikuwa dereva wa lori la nyanya, akafa njiani akitokea kaskazini, na Mama Wura akabaki na binti mmoja na karai la mafuta. Wateja wake walikuwa wakila akara huku wakilalamika kwamba hawana pa kukaa, naye alikuwa anajua nyumba gani ina chumba kitupu, kwa maana kila aliyehama alipita kumuaga. Akaanza kuwaelekeza. Madalali wakaanza kumtupia chochote. Siku moja akaona anachotupiwa kinazidi kinachotoka kwenye karai, akamgawia jirani karai lake na kubaki na kiti.

Mungu alikuwa amempa ulimi. Chumba kisicho na dirisha alikiita chumba chenye utulivu. Nyumba iliyobanwa kati ya msikiti, kanisa la kelele na mashine ya kusaga pilipili aliiita nyumba iliyochangamka. Kisima kikikauka, kilikuwa kinapumzika. Na mteja akianza kusitasita mlangoni, Mama Wura alitazama simu yake na kusema, "Hapana, wewe fikiri taratibu, mwanangu. Ila kuna bwana mmoja wa benki anakuja saa nane." Bwana wa benki hakuwepo, wala hajawahi kuwepo, lakini watu wengi wa Molete wamepata vyumba kwa sababu ya kumwogopa. Tusimwite mwongo. Ndiyo kazi ilivyo: mtu akisita, dalali anaongeza neno, na ulimi ukishazoea hauombi ruhusa kwa mwenyewe.

Sasa msiba wa dalali huyu ulikuwa huu: yeye aliyewaweka wenzake ndani alikuwa karibu kutupwa nje. Alipanga chumba na sebule kwa Baba Adigun, mzee aliyestaafu kazi ya reli, katika nyumba ya kizamani ya vyumba vinavyotazamana, yenye maandishi makubwa ukutani, ya kuwazuia matapeli, kwamba haiuzwi. Miaka yote alikuwa akilipa kidogo kidogo, na mzee akivumilia. Kisha mtoto wa mzee aliyeko Kanada akaanza kupiga simu. Baba, huko Ibadan siku hizi kila mtu analipwa miaka miwili kwa mkupuo, kwa nini wewe unakubali kuchezewa? Mzee akamletea Mama Wura habari hizo mwenyewe, kwa aibu, huku ameshika kofia mkononi.

"Miaka miwili, Baba?" Mama Wura alipiga magoti pale pale ukumbini. "Nitaitoa wapi? Niachie nilipe mwezi kwa mwezi. Sitakosa hata mmoja."

"Inuka, mwanangu. Mimi sina neno na wewe. Ni huyu kijana. Ananiambia nazeeka vibaya."

"Basi nipe mpaka mwisho wa mwezi ujao, Baba."

Mzee akakuna shingo. "Nasikia kuna muswada kule Agodi, bungeni kwa waheshimiwa. Wanataka mwenye nyumba asidai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja. Ukipita, nami nimepona. Nitamwambia kijana, mwanangu, sheria ndiyo imesema, si mimi. Tusubiri wakubwa waseme."

Basi Mama Wura akawa anasubiri, na anayesubiri huku ameshika roho mkononi halali. Kuhama hakuwezi. Alijua kuliko sisi sote bei ya kuhama: kodi ya mbele, ada ya mkataba, ya dhamana, na ya dalali, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwatoza wenzake. Halafu hakuna mwenye nyumba anayempokea dalali. Kwetu wanasema ukimpa dalali chumba, utakwenda mazikoni na ukirudi utakuta nyumba nzima imepangishwa. Wakisema hivyo watu hucheka, na Mama Wura naye alikuwa akicheka nao. Safari hii hakucheka.

Kumbe chama cha madalali nacho kilikuwa kinausubiri muswada ule ule, kwa shauku nyingine. Fungu la dalali hukatwa kwenye kodi inayolipwa mara ya kwanza. Mpangaji akitoa ya miaka miwili, dalali anakula. Akitoa ya mwezi mmoja, dalali analamba. Mwenyekiti wao, Bwana Sobowale, mtu wa tumbo na miwani ya dhahabu, aliitisha mkutano nyuma ya hoteli yake ya amala, ugali wa unga wa viazi vikuu.

"Kamati ya bunge imetuita tukatoe maoni," alisema. "Kipengele cha kodi ya mwezi kikipita, tukakaange akara sote. Nawaza nani atatusemea. Mimi nikisimama wataniona nimeshiba. Anatakiwa mwanamke, mjane, mwenye ulimi."

Macho yote yakamgeukia Mama Wura.

"Mwenyekiti, koo linaniuma," alisema Mama Wura.

"Koo gani? Jana ulimuuzia mtu chumba cha choo cha nje ukasema kina hewa safi!" Watu wakaangua kicheko. Sobowale alipoinamia sikio lake, sauti ilikuwa nyingine. "Mama Wura, nyumba tunagawiana. Leo nikisema usipewe, hakuna dalali Ibadan nzima atakayekuonyesha hata kibanda cha kuku. Usinifikishe huko."

Alirudi nyumbani amelowa jasho. Akimkatalia Sobowale, riziki imekwisha. Akimkubalia, anakwenda kuukata kwa mdomo wake mti aliokalia. Alijipooza kwa hoja za mtu anayezama: waheshimiwa wameshaamua zamani, mjane mmoja atabadili nini, nitasema maneno mepesi mepesi nikae. Wura, binti yake, aliyekuwa akijifunza cherehani kwa jirani, ndiye aliyemshonea nguo ya siku hiyo. Chama kilikuwa kimeamua wote wavae sare, lesi ya kijani na kilemba cha dhahabu. Wapo waliouliza kama ni busara kwenda kulia njaa umevaa lesi. Sobowale aliwajibu kwamba anayekwenda kuomba na matambara hupewa sadaka, hapewi sheria.

Siku ya siku, ukumbi wa kamati kule Agodi ulijaa kama harusi. Madalali walikaa mbele, wanameta. Nyuma yao walikaa wapangaji na mabango yao, na nyuma kabisa, karibu na mlango, wenye nyumba, wazee wa kofia wenye vifua vya kukohoa. Waheshimiwa waliingia wamechelewa, wakaomba radhi, wakaletewa soda. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mpole aliyekuwa akiandika kila kitu. Aliyekuwa na makali ni Mheshimiwa Ajibade, kijana, na ilionekana wazi kwamba muswada ulikuwa wake.

Mama Wura alipoitwa alipiga magoti kwanza, kama inavyopasa, kisha akashika kipaza sauti. Alisema maneno mepesi kama alivyojiahidi. Kwamba madalali ni watu wadogo. Kwamba wana watoto. Kwamba wanaomba kipengele kile kiangaliwe upya. Sauti yake ilikuwa haina chumvi, na Sobowale alianza kukohoa kwa makusudi. Lakini moyoni Mama Wura alikuwa amefurahi. Amefanya alilotakiwa, na halikuuma mtu. Akataka kukaa.

"Ngoja, Mama." Ajibade alikuwa anatabasamu. "Mnasema mna njaa. Lesi hii mmeipata kwenye foleni ya uji?"

Wapangaji walipiga makofi na kupiga mbinja.

"Na nikuulize. Wewe mwenyewe una nyumba, au umepanga?"

"Nimepanga, mheshimiwa."

"Ahaa! Basi niambie kwa kinywa chako, mpangaji mwenzao hawa. Unaona raha kudaiwa kodi ya miaka miwili kwa siku moja? Au unasitasita kunijibu?"

Hapo ndipo palipoharibika. Mtu alikuwa amesimama mbele yake, ana shaka, na ukumbi mzima ulikuwa mlangoni hauingii wala hautoki. Mama Wura hakufikiri. Ulimi ulinyanyuka wenyewe, ule wa miaka yote ya kiti cha plastiki.

"Nisite kwa lipi, mheshimiwa? Mimi nalipa miaka miwili kwa mkupuo, na nalala fofofo! Mwenye nyumba wangu ni kama baba yangu. Tukishamalizana, hanigongei mlango mpaka tunasahauliana majina. Anayelipa kila mwezi hugongewa kila mwezi. Mwezi huu mtoto anaumwa, anagongewa. Mwezi ujao mshahara umechelewa, anagongewa. Wewe, mheshimiwa, mkeo angependa kugongewa?"

Ukumbi ulilipuka. Waheshimiwa walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Hata kwenye mabango, wapangaji wengine walikuwa wakitikisa vichwa, maana kugongewa mlango wanakujua. Ajibade alijaribu kusema neno, halikusikika. Yule mama mwenyekiti wa kamati alipoweza kupata utulivu, alisema wamesikia, na kwamba ikiwa hata wapangaji wenyewe hawakitaki kipengele hiki, kamati haioni sababu ya kukibakiza. Akaandika. Mama Wura aliuona mkono wake unaandika.

Nje, Sobowale alimkumbatia mbele za watu. "Mdomo huu ni wa kukatiwa bima!" alipiga kelele. "Njooni tupige picha na waheshimiwa, Mama Wura katikati!" Ndipo, kati ya kofia zilizokuwa zikishuka ngazi, Mama Wura akaiona moja anayoijua.

"Baba Adigun." Akapiga magoti kwenye saruji, lesi na yote. "Baba, hukuniambia kama utakuja. Na mguu wako huo."

"Nilikuja kwa ajili yako, mwanangu." Mzee alikuwa na macho ya unyonge. "Jana nilimpigia kijana simu. Nikamwambia nitamwachia Mama Wura alipe mwezi kwa mwezi, sheria ije isije. Nyumba ni yangu, sijafa bado. Nikasema nije nikupe habari hapa hapa, usimame mbele ya wakubwa una amani, ila nilikuta umeshaitwa."

Mama Wura akafungua mikono kumshukuru.

"Ila umenifunza leo," mzee aliendelea. "Sikujua kama nakugongea mlango. Kila mwezi nilipokuwa nakuja nilidhani tunasalimiana. Kumbe nakunyima usingizi. Haya, umesema unaweza. Lete ya miaka miwili mwisho wa mwezi, nami sitakusumbua tena."

"Baba, nilidanganya!" Alimshika pindo la kanzu. "Sina hata ya miezi miwili, unajua sina. Ni maneno ya kazi. Yalinitoka."

Baba Adigun aliinama kumtazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Uliwadanganya wakubwa, au unanidanganya mimi?"

"Wao, Baba. Naapa kwa Wura."

"Mbele ya vyombo vya habari vyote vile, umesimama wima, hukupepesa jicho." Mzee alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani. "Na sasa umepiga magoti, unalia, na pia hupepesi. Mwanangu, mimi ni mtu wa reli. Nitajuaje ni lipi? Mara zote ulizonililia ukumbini kwangu, yalikuwa maneno ya nini?"

Mama Wura alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aache karai, hakupata la kuongeza. Kila neno lililomjia lilikuwa zuri, na kwa kuwa lilikuwa zuri lilikuwa halifai. Akabaki ameshika pindo la kanzu tu.

Mzee alilitoa pindo lake taratibu, kidole kwa kidole, akamwinua. "Mwisho wa mwezi," alisema. Akaingia kwenye teksi pamoja na wenye nyumba wenzake.

"Mama Wura! Picha!" Sobowale alikuwa anaita. Akaenda, akasimama katikati. Picha hiyo ipo mpaka leo kwenye ukuta wa hoteli ya amala, na amependeza, hilo hatumnyimi.

Jioni Wura alimkuta mama yake amesimama juu ya kigoda sebuleni, bado amevaa lesi ya kijani, anachomoa misumari ya pazia.

"Mama, nimesikia redioni. Mmeshinda?"

"Tumeshinda," alisema Mama Wura. "Nishikie huku."