Bibi Kwenye Darubini

Kwa miaka sita nimeshikilia kwamba sikuona mtu kwenye ule msitu wa mikaratusi karibu na Matongo. Nilidanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, na tumboni sikuwa na kitu zaidi ya chai ya rangi.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia huko, mtu wa kuja kutoka Iringa, mwenye ugonjwa wa kutazama ndege. Bhoke, mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa pale, alikuwa akinicheka. "Mwalimu, huwali, huwafugi. Wamekukosea nini?"

Asubuhi hiyo mikaratusi ilikuwa imechanua. Nyuki wanavuma, na wale ndege wadogo, chozi, wamejaa kwenye maua. Mara kimya. Hata nyuki. Nikashusha darubini kutoka matawini hadi kwenye mikaratusi miwili iliyoungana shina. Chini yake amekaa bibi kizee, miguu ameinyoosha, kama anaota jua uani kwake. Nikaondoa darubini nimsalimie. Hakuna mtu. Nikairudisha machoni: yupo, ananitazama, anapigapiga ardhi kwa kiganja kama anayemkaribisha mgeni akae. Maua yalikuwa yakidondoka, yanapita mwilini mwake hadi chini.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifuta vioo. Mara mbili. Kisha nikaisalimu hewa "shikamoo" na kukimbia. Kwenye daftari langu niliandika: "Ukungu. Chozi saba."

Wiki hiyohiyo Bhoke alinifuata, akanieleza. Zamani huko mtu alizikwa kwenye boma lake. Boma likihama, kaburi linabaki. Bibi yake aliachwa hivyo, baadaye mikaratusi ikapandwa, alama zikapotea. Sasa mama yake Bhoke alikuwa mgonjwa, na alitaka jambo moja tu: aonyeshwe kaburi la mama yake kabla hajafa.

"Wewe unashinda mle kila asubuhi," Bhoke alisema. "Hujaona chochote? Hata rundo la mawe?"

"Nimeona ndege tu."

Kwa nini? Kwa sababu siku chache kabla nilikuwa nimewahubiria walimu wote kwamba mizimu ni njaa na usingizi mchache. Niliona aibu. Basi.

Baadaye nilihamia Mugumu. Darubini nimeifungia sandukuni. Ndege wakinyamaza dirishani, siwezi kukaa ndani. Niamini au usiniamini, lakini ukiulizwa ulichokiona, kiseme. Waache wakucheke.

Mwezi uliopita Bhoke alinipigia simu. Msitu ulikuwa umekatwa, mashine inang'oa visiki.

"Bibi tumempata," alisema. "Mashine imempitia katikati. Na mama tulishamzika, hakuliona kaburi."

"Ni pale kwenye miwili iliyoungana shina?"

Swali lilinitoka kabla sijalifikiria. Nilisikia mashine ikinguruma nyuma yake.

"Kumbe ulijua," alisema, akakata simu.